Rangi ya Beni kwa Baridi ya Butembo

Hii haya ingefaa niifiche, mais inanichoma. Kuchora sura za batu nilijifundisha mwenyewe, na kule Bungulu, mu Beni, nilijiona fundi mukubwa. Natumia bâtons za rangi ya mafuta, minene kama mishumaa. Unapakaa, joto ya Beni inakausha mbio, mwenye kuchorwa anabeba sura yake.

Vita ikanikimbiza mupaka Butembo. Jirani yangu mupya, Mama Kavira, basoda benye bunduki balichoma nyumba yake na mapicha yote, mutoto wake Kambale akafia mule. Donc akaniomba nichore Kambale, akanielezea sura yake kwa kinywa. Mimi nachora, yeye anarekebisha. "Midomo yake ilikuwa minene, Papa." Nikaongeza rangi nyekundu mingi.

Juzi, asubuhi ya kumaliza kilio, nikaigusa na kidole. Ilikuwa na ngozi juu, kama maziwa ya kupoa.

"Imekauka?" Mama akauliza.

"Kabisa," nikajibu. Baridi ya Butembo sikuiwaza hata kidogo.

Kisha ya maombi, Mama akainua ile sura, akabandika shavu yake pale, akabakia vile muda murefu. Kisha akatugeukia. Kwa ile sura, Kambale hakuwa tena na midomo. Ilikuwa kwa shavu ya mama yake, nyekundu, sawa vile mutoto alimubusu.

Mama akajigusa, akaangalia vidole vyake, akanitafuta kati ya batu.

"Papa, ulisema imekauka."