Nakala ya Sauti ya Baba

Baba alikuwa mtu wa maneno mengi mpaka kiharusi kilipomnyamazisha. Tulimtoa Isansa kwenye kahawa zake, tukamleta kwangu Mlowo, wakati ule tukiwa bado mkoa wa Mbeya, kabla haujagawanywa. Akawa anashinda sebuleni, mkono mmoja haufanyi kazi na mdomo hautoi neno.

Nashukuru nilikuwa nimemrekodi. Wanangu hawajui Kinyiha, kwa hiyo kila alipokuja kutusalimia enzi za uzima wake nilimkalisha mbele ya kompyuta na maiki, naye akasimulia: nani alipanda mibuni ipi, bibi alivyogoma kuolewa, hadithi za sungura na nyimbo zake. Sasa kila nilipotoka kufundisha nilimfungulia. Alijisikiliza huku akicheka palepale alipochekea siku ya kurekodi. Dawa za hospitali sikuona zilichofanya. Dawa hiyo ya sauti yake niliiona.

Ndipo kompyuta ikaanza kugonga ndani, ka, ka, ka, halafu inaganda. Niliibeba hadi Tunduma kwa fundi mmoja, mtu wa Tanga aliyefuata biashara mpakani. Akaiwekea sikio.

“Madam, diski inaumwa. Tafuta programu ya kunakili diski nzima, Windows na kila kilichomo, kabla haijakata roho.”

Flashi za kuwekea nakala nilizikataa mwenyewe. Zile za mpakani zinaandikwa giga thelathini na mbili, ukitia vitu vinaingia, kesho ukifungua hola. Moja ilishakula picha zote za kipaimara cha binti yangu.

Basi nikaanza kuchagua programu. Fundi alinipa CD ya moja ya kulipia iliyochakachuliwa. Nilipoiweka tu, kinga ya virusi ikapiga kelele, nikaitoa mbio. Ya pili ilikuwa ya kujaribu siku thelathini. Nikajiuliza, zikiisha nayo ikikataa kunifungulia nakala yangu, nitafanyaje? Ya tatu ilikuwa ya bure, lakini kubwa, na kwa modemu yangu kila ilipokaribia kumaliza kushuka mtandao ulikatika na kazi ikaanza upya. Nikasoma maoni ya watu mtandaoni mpaka kichwa kikauma. Huyu anaisifu, yule anailaani. Nilikuwa naogopa kukosea kiasi kwamba nilianza kuwagombeza watoto bila sababu. Mdogo wangu alinicheka.

“Dada, mchagua jembe si mkulima. Chukua mojawapo upige kazi.”

Siku ya kumi na moja nikaichukua ile ya bure, usiku mtandao ulipotulia. Ilikuwa nzuri, nasema mpaka leo. Ikaniuliza nakala iwekwe wapi. Hapo sikusita hata kidogo. Huku kwetu, kuanzia Mlowo hadi Tunduma, kila fundi akikurudishia kompyuta anakuaga kwa usia mmoja: Windows inakaa C, vitu vyako weka D. Windows ikiharibika wanaipiga upya, C inafutwa, D inabaki salama. Nilikuwa nawafundisha hata walimu wenzangu. Nikachagua D. Programu ikaleta onyo refu la Kiingereza lenye alama ya njano, nami nilikuwa nimeshachoka na maonyo. Nikabonyeza ndiyo.

Ilipomaliza nilitoa machozi kwa furaha, nikachinja kuku.

Siku nne baadaye kompyuta haikuwaka. Nikairudisha Tunduma bila wasiwasi mkubwa. Fundi akaihangaikia, akainua uso.

“Ile nakala uliiweka wapi, madam?”

“D.”

Akaweka bisibisi chini. Kisha akaniambia taratibu kwamba C na D ni diski moja, chumba kimoja kilichotiwa pazia katikati.

“Mbona mnatuambia tuweke D?” nilimfokea mbele ya wateja wake.

“Hiyo ni Windows ikifa, madam. Hapa imekufa diski.”

Nilimwomba ajaribu tena. Akajaribu. Nilimwomba tena, akajaribu tena, nadhani kwa kunihurumia tu. Ndani ya basi la kurudi nililia waziwazi. Mama mmoja wa Kinamwanga aliyeketi kando yangu akanipa pole ya msiba, nami nikaipokea.

Nyumbani Baba aliniona naingia na kompyuta. Akakivuta kiti chake karibu na meza kwa mkono mzima, kama kawaida yake, akatega sikio. Kulikuwa na mvua na sebule ilikuwa na giza, watoto walishawasha taa. Sikuweza kumwambia. Nilijifanya nahangaika na nyaya, kisha nikasema bila kumtazama, “Umeme umekatika, Baba.”

Akainua mkono, akanionyesha taa iliyokuwa inawaka juu yetu, kisha akaendelea kusubiri.