Mwanamke wa Mawimbini

Majuzi, dukani pale mtaa wa Ntinda, nilimwona mwanafunzi akisoma katuni za Kijapani, akizifungua kutoka kulia kama msahafu. Nikasahau nilichokwenda kununua.

Nilipokuwa mtoto, kitabu cha namna hiyo Mama alikikuta soko la Owino, ndani ya robota la mitumba, akaniletea. Maandishi yake sikuyajua. Picha zilikuwa kama zimechapwa kwa mbao zilizochongwa: mawimbi yenye kucha, na mwanamke mwenye mkia wa mbweha. Nilikisoma kama vitabu vya shule, kutoka kushoto. Mwanamke alitoka baharini, akapita kwenye theluji, mkia ukapotea, mwisho akampakata mwanawe.

Alasiri nilipokimaliza, Mama alikuwa akipiga pasi nguo za kwenda nazo Uarabuni, kwenye kazi za ndani. Chumba kilinukia udi na makaa ya pasi.

“Mama, huyu naye alisafiri,” nikamwambia. “Tazama, amerudi.”

Aliweka pasi kando. Yeye ndiye aliyetufundisha kusoma msahafu. Alikigeuza kitabu, akakifungua upande wa pili, akafunua kurasa polepole mpaka mwisho. Nikadhani moshi ndio uliomtoa machozi.

“Wewe soma hivyo hivyo unavyosoma, mwanangu,” akasema.

Mama alikwenda, hakurudi. Kitabu ninacho bado. Jana nilikifungua kutoka kulia. Mtoto amepakatwa, kisha mama yake anakwenda, anakwenda, mpaka mawimbi yanamfunika. Nikakigeuza upesi, nikaanza tena kutoka kushoto, mtu mzima mwenye watoto wangu, nikimvuta Mama ukurasa kwa ukurasa, arudi.