Mume Wangu Alifanya Jirani Aitwe Mama Sumu, Kumbe Ni Kupe

Admin, naomba usitaje jina langu, na hata haya majina niliyotumia si yao. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto wawili na tunaishi Gitothua, Ruiru. Kazi yangu iko Thika, kiwandani, kwa hivyo kutoka asubuhi mpaka jioni siko nyumbani. Wale mtasoma, msinitukane kwanza. Hii kitu imeninyima amani.

Kati ya ploti yetu na ya jirani kuna ua wa kayaba tu. Jirani nitamwita Mama Shiku. Ni mjane, anauza chapati na githeri kwa kibanda pale Kimbo, na mtoto wangu mdogo akitoka shule alikuwa anaenda kwake mpaka nifike. Sisi tulikuwa na mbwa wawili, Pendo na mtoto wake Simba. Pendo alikuwa wa mume wangu kabisa, alimlea kwa chupa tangu akiwa mdogo. Sasa siku moja Pendo akapita kwa ua akala kuku wa Mama Shiku. Mama Shiku akakasirika, akasema watu wakisikia, "Hii mbwa yenu nitaitafutia dawa." Ni maneno ya hasira tu. Tulimpelekea kuku mwingine, tukanywa chai, yakaisha.

Baadaye Pendo akaacha kula. Alikuwa analala tu kwa kivuli cha tangi, ukimwita anainua kichwa kidogo halafu anakirudisha. Tukadhani ni uzee. Halafu asubuhi moja akaanza kutoka damu puani, haikatiki. Mume wangu akasema amelishwa sumu. Tukamnywesha maziwa, vile watu husema, nikaenda kazi. Nikirudi nilipata amekufa, na mume wangu amekaa chini kando yake, hajabadilisha hata nguo za kazi.

Kesho yake alienda Kimbo. Mimi sikuwa hapo, lakini niliambiwa na watu wengi. Alisimama mbele ya wateja akamwambia Mama Shiku, "Ulisema utatafuta dawa, na uliipata. Hawa watu wajue chakula yao inapikwa na mkono gani."

Mama Shiku alimjibu tu, "Baba Njoro, mimi sijaua mbwa yako."

Lakini nani atanunua githeri kwa mtu ameshikwa na maneno kama hayo? Siku hizi watoto wanamwita Mama Sumu barabarani. Namwona akirudi jioni na sufuria bado ni nzito. Mume wangu akanikataza kukanyaga kwake, na mtoto wetu tukamtafutia pengine pa kukaa akitoka shule.

Halafu Simba naye akaanza. Hali chakula, mwili moto, macho yamezama. Safari hii sikungoja, niliomba ruhusa kazini nikaita daktari wa mifugo. Alimwinua mdomo akanionyesha fizi, zimekwajuka karibu ziwe nyeupe. Akapindua masikio, na ndani kulikuwa na kupe wamevimba kama mbegu za mbarika. Wengine walikuwa katikati ya vidole. Akatoa damu kidogo akaenda nayo kupima, kisha akanipigia. "Ni ugonjwa wa kupe, mama. Unaingia kwa damu na unaimaliza. Wengine hata hutokwa na damu puani, watu wanasema ni sumu."

Nikamweleza habari ya Pendo.

Akasema, "Siwezi kuapa kwa mbwa sikumpima. Lakini mama na mtoto, boma moja, kupe wale wale. Mimi singetafuta mtu wa kulaumu."

Alimpa Simba sindano na tembe za wiki kadhaa, akanionya nisikatize hata akianza kuchangamka. Tukapulizia dawa nyumba ya mbwa na chini ya kayaba. Pole pole Simba akarudi kula, na sasa anabwekea mtu wa maziwa kama zamani.

Nilimwambia mume wangu yote tukiwa mezani. Akasema, "Si daktari mwenyewe amekataa kuapa."

Nikamwambia, "Lakini wewe uliapa."

Aliacha chakula. Baadaye akaniuliza, "Unataka nirudi Kimbo nisimame nikisema nini? Hayo yalishapita. Na ukienda kwa ile nyumba, ukae huko huko."

Nisidanganye, si mtu mbaya. Kila jioni namwona amechuchumaa nyuma ya nyumba akipekua masikio ya Simba kwa vidole, moja moja. Yaani anajua.

Sasa juzi nikianika nguo niliona mbwa wa Mama Shiku ng'ambo ya ua. Amelala, na kuku wanakula kwa sahani yake na hata hageuki. Nikaita kwa sauti ya chini, "Mama Shiku, angalia fizi za huyo mbwa. Tafadhali ita daktari, ni kupe."

Alinitazama, wala hakuwa na hasira. Akasema, "Mume wako akisikia tumeongea, halafu huyu mbwa akufe, atasema pia huyu nimemuua mimi. Rudi kwa nyumba yako, mama."

Nikirudi kumwomba msamaha pale kwa ua, itamsaidia nini? Jina lake liliharibiwa Kimbo, mbele ya watu. Na nikienda Kimbo kusema ukweli, nitakuwa nimemwaibisha mume wangu hapo hapo alipomwaibisha yeye, na sijui kama nitapata mlango wazi nikirudi.

Wamama na wababa mlio kwa ndoa, nielekezeni. Niende niseme mwenyewe, ama ningoje mume wangu apate nguvu ya kusema? Nawauliza leo kwa sababu huyo mbwa bado amelala pale, na sidhani ana siku nyingi za kutungoja.