Swali la Kumi na Nne pale Murongo

Nilikwenda Murongo kwa sababu ya aibu. Mimi ni mtafiti. Nakaa Mwanza na kuiandikia taasisi moja ya Ulaya inayochunguza sera za ulinzi, usalama na mapambano dhidi ya ugaidi, na kuhusu mipaka nilikuwa nimesoma mengi. Siku moja msimamizi wangu, Henrik, aliniuliza kwenye simu kama nimewahi kusimama kwenye mpaka hata mmoja kati ya ile ninayoandika habari zake. Sikuwahi. Wiki iliyofuata nilifunga begi, nikatia madodoso yaliyotoka kwao, ambayo mimi mwenyewe niliyatafsiri kwa Kiswahili.

Kutoka Mwanza nilifika Bukoba, na saa moja asubuhi nilipanda basi pale. Baada ya Kyaka barabara ilianza kupanda, hewa ikawa nyepesi, migomba ikatusindikiza pande zote mbili. Nilishuka Omurushaka. Kwenye baraza la duka moja mnunuzi wa mazao alikuwa anang'ata punje za kahawa, moja kutoka kila gunia. Nilimuuliza anatafuta nini. Alisema jino linamwambia kama kahawa imekauka au mwenye nayo ana haraka.

Mchana bodaboda ilinifikisha Bugene, kwa Mama Koku, dada wa mwenzangu wa kazini. Nilimkuta uani akigeuza kahawa juu ya turubai. Alinipa ebitoke, ndizi zilizopikwa na maharage, kisha akataka kujua hao Wazungu wangu wanaogopa nini hasa. Nilimweleza habari za mabomu kwenye stesheni, vita iliyo jirani nao, na majeshi wanayoyaongeza. Alisikiliza kwa makini. Akauliza serikali zao zinamjuaje mtu mbaya. Nilisema mara nyingi wananchi ndio wanaotoa taarifa.

"Na jirani akidanganya?" aliuliza.

Nilijibu kwamba wapo wataalamu wa kuhakiki. Aliniambia nile, chakula kinapoa.

Kesho yake nilipanda gari la kwanza kuelekea Kyerwa, halafu bodaboda hadi Murongo. Mpaka niliokuwa nao kichwani ulikuwa na uzio. Huu ulikuwa na mto Kagera, daraja, maofisa wa forodha wakipekua mizigo, na watu wakienda Uganda na kurudi na mabeseni kichwani kama wanaokwenda kisimani. Nilimuuliza dereva wangu ng'ambo wanaongea lugha gani. Akasema ni hiyo hiyo ya nyumbani kwao, jina tu ndilo linalobadilika.

Nilianza kazi sokoni. Mwanamume mmoja, muuza majembe, alijibu kwa moyo. Tulipofika swali la kumi na nne, kama kuna mgeni anayemtilia shaka, alinieleza habari za mwanamke anayeuza maharage karibu na mti wa mparachichi. Alisema si wa hapa, hupokea wageni, na huvuka mto kila wiki. Niliandika yote. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilidhani nimepata kitu.

Saa sita nilijikuta mbele ya meza ya maharage, chini ya mparachichi.

Mama yule aliitwa Esperansi. Nilimwamkia shikamoo, akanivutia kigoda. Alizaliwa Kyerwa, na wazazi wake walitoka Rwanda. Wageni wake walikuwa binamu waliokuja kwenye ubatizo wa mjukuu. Alijibu kila kitu bila kusita hadi swali la kumi na nne. Hapo aliweka kiganja juu ya karatasi yangu.

"Nani atasoma haya?"

Nilisema wataalamu, Ulaya, na pengine serikali.

"Mwanangu, nina ugomvi wa kibanja, shamba langu la migomba, na mtu wa soko hili hili. Ukimuuliza swali hili, atakutajia jina langu. Na sisi wenye asili ya Rwanda tunajua kufukuzwa nchini kukoje." Alinitazama. "Ameshanitaja?"

Niligeuza karatasi ya muuza majembe kifudifudi. Hilo lilimtosha. Hakunifukuza. Alirudi kupima maharage ya mteja, ila punje kadhaa zilimwagika mezani.

Nilichukua karatasi ya muuza majembe na, mbele ya Esperansi, nikaitia kwenye jiko la mkaa la jirani aliyekuwa akichoma mahindi. Alitazama mpaka ilipokwisha. Kisha aliniambia niketi nimalize maswali mengine.

Nikiwa Omurushaka, njiani kurudi, nilimpigia Henrik simu. Nilimwambia nimeliondoa swali hilo na kwa nini. Akasema yeye ndiye aliyelitunga. Nilimuuliza kama madodoso yaliyokwisha kurudi kutoka nchi nyingine yana majina ya watu. Alisema ataangalia.

Ndani ya basi la Bukoba nilijaribu kuandika nilichojifunza. Nilikuwa nimekwenda kuuliza watu wa mpakani wanamwogopa nani, na kwa asubuhi nzima mtu wa kuogopwa pale sokoni nilikuwa mimi na kalamu yangu.

Siku ya tatu Henrik alinipigia.

"Majina yamo," alisema. "Mengi."

Wiki ile hatukuandika ripoti. Tulikaa kwenye simu, yeye kwao na mimi Mwanza, tukiyafuta moja moja. Hatujui ni nani aliyeyasoma kabla yetu.