Mwalimu Asiyecheza Jumamosi

Mwezi uliopita nilikwenda Bigwa kuhani msiba, nikapita pale uwanjani kwetu. Wameuzungushia ukuta, wamepaka rangi, na getini wameandika jina la yule aliyekuwa Bwana Michezo wa mkoa enzi zetu. Eti "Baba wa Michezo". Baba wa nani? Nilisimama pale na kanga yangu ya msibani, hasira zikanipanda. Kaa nikusimulie, maana vijana wanaopiga picha kwenye geti lile hawajui kitu.

Nilikuwa darasa la sita, miaka ile ya Ujamaa, sukari ya kupanga foleni na alfajiri za mchakamchaka. Aliyetukimbiza mchakamchaka alikuwa mwalimu wetu wa hesabu, Myahudi. Usishangae. Baba yake alikimbia vita Ulaya, akaja kuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge upande wa Kingolwira, na Mwalimu akazaliwa hapohapo. Kiluguru alikizungumza kama wauza kabichi wanaoshuka mlimani. Na michezo sasa! Golini yeye, mbio ndefu yeye, kuruka chini yeye, mkuki yeye, mpira wa meza yeye, ngumi pia. Jioni alitufundisha wasichana kupokezana kijiti. Msikitini wanaadhini, misheni kengele inalia, na yeye katikati ya vumbi anapiga makofi, "Mkono, mkono! Usigeuke nyuma!"

Ila Jumamosi humpati. Tangu jua lizame Ijumaa mpaka lizame tena kesho yake, hashiki kazi, hachezi, hata moto hawashi. Watu wa mtaa walipoona hali nguruwe na Jumamosi anapumzika, wakaamua ni Msabato. Mchungaji wa Wasabato alikuja mwenyewe kumkaribisha kanisani. Walizungumza barazani mpaka chai ikapoa, mchungaji akatoka anajikuna kichwa. Mtaa haukubadili neno. Msabato ni Msabato.

Bibi yangu, jirani yake, Mwislamu wa swala tano, hakujali ni nani. Ijumaa jioni alikuwa anabandika chungu cha maharage na magimbi, kikichemka anakifukia kwenye majivu ya moto na kukiacha mpaka kesho. Jumamosi mchana nakibeba mimi, bado kina moto, harufu ya vitunguu na moshi inanifuata njia nzima. Mwalimu anakula taratibu, kwa mkono, kisha anasema, "Mwambie Bibi, hata mama yangu hakuyaivisha hivi."

Kitu alichokitamani kilikuwa kimoja tu: fulana ya mkoa. Avae Morogoro kifuani kwenye mashindano ya taifa, hata mara moja. Alishapita miaka thelathini, na magoti yalianza kumsumbua. Mwaka ule ukatangazwa mchujo wa mkoa, siku moja tu. Jumamosi.

Akaenda kwa Bwana Michezo. Nilikuwepo, nimebeba tepu ya kupimia. Mwalimu akaomba kwa adabu apimwe Jumapili mchana, peke yake, mbele ya waamuzi wowote watakaochaguliwa. Bwana Michezo alikuwa anachokonoa meno.

"Mwalimu, serikali haina dini."

"Mbona Ijumaa hamkuweka?"

"Ijumaa watu wanaswali."

"Na Jumapili?"

"Watu wako misani. Wewe vipi?"

"Na mimi je, ndugu?"

Akacheka. "Wewe ni mmoja. Tuhamishe mkoa mzima kwa ajili ya kupe mmoja?"

Kupe! Mtu aliyezaliwa Kingolwira, anayelima nasi shamba la shule kwa jembe la mkono, anaitwa kupe na mtu ambaye tumbo lake ndilo lilikuwa linatangulia kufika ofisini! Bibi nilipomweleza alitupa mwiko chini. "Ijumaa ya Mungu, Jumapili ya Mungu. Jumamosi ya nani, ya huyo mwenye tumbo?"

Jumamosi ikafika. Mwalimu alikaa barazani kwake na shati jeupe, vifijo vya uwanjani vinamfikia pale pale. Chakula hakukigusa. Jua lilipozama kabisa akavua viatu, akaenda uwanjani watu wakiwa wanatawanyika, nami nyuma yake. Akaokota mkuki. Kibendera cha mshindi, askari mmoja wa Ngerengere, kilikuwa bado kimesimama pale mkuki wake ulipotua. Mwalimu akakimbia, akarusha. Mkuki ukakipita kibendera, ukaenda kuchoma nyasi mbele kabisa. Yule askari mwenyewe, muungwana, alimpigia saluti. Bwana Michezo alikuwa anafunga mkoba wake. Aliona. Nakuapia, aliona. "Muda umekwisha," akasema, akapanda gari.

Mwalimu alitufundisha hesabu mpaka shule zilipofungwa, halafu akaondoka nchini na begi moja. Uwanjani hakukanyaga tena. Timu yetu ya kijiti ikafa, maana hakuna aliyejua hata pa kuanzia. Nani Morogoro leo anacheza yote yale? Siku hizi watu wanabeti mechi za Ulaya kwenye simu, wanaita hiyo michezo.

Mwaka uliofuata mchujo ukafanyika Jumapili mchana. Unajua kwa nini? Mkubwa mmoja alikuwa anaozesha binti yake Jumamosi, na Bwana Michezo alikuwa kwenye kamati ya harusi. Mkoa mzima ukahama, wala hakuna aliyeona shida.

Siku hiyo nilishinda mbio za wasichana. Bwana Michezo akanijia na tabasamu lake, akanyoosha mkono, akasubiri shikamoo. Walimu wakanikazia macho, mama yangu akanifinya. Sikumpa. Akazeeka, akafa, akazikwa kwa heshima zote. Shikamoo yangu hakuipata.