Samaki Mmoja na Sala ya Mama Mkwe

Leo familia nzima imekula ugali kwa chumvi kando ya bwawa lililojaa samaki.

Mume wangu alikataa katakata tubebe nyama. Eti mtoto wa Kisumu atashindwaje na samaki wa Australia?
Basi tukatoka nyumbani Penrith na ugali kwenye hotpoti, chumvi na imani.

Asubuhi yote bingwa alivua majani.
Saa nane akanasa samaki. Mmoja. Mkubwa, sikatai.
Akamlaza kwenye nyasi.

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, akasema hakuna kushika kisu kabla ya kushukuru. Tukashikana mikono, tukafumba macho.
Wenye mama mkwe mwombaji mnanielewa. Aliombea ukoo, akaombea viza zetu, akamalizia na wote wasio na chakula.

Amina.
Samaki hayupo.

Mwari, yule ndege mwenye mdomo kama mfuko, anajiondokea taratibu, koo limetuna.

Binti yetu wala hakushtuka. Alimwona akija.
"Sasa mbona hukusema?"
Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba nyanya yake amekataza kuongea wakati wa maombi.

Adabu tumemfundisha wenyewe. Leo tumeila na ugali.