Mnyama Ambaye Kamera Haikumwona

Wifi yangu, mke wa kaka, anapiga pasi mashuka na makoti ya madaktari kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Ukimkuta kazini utadhani ni bubu. Anasukuma pasi, anakunja, anapanga, hana habari na mtu. Nyumbani ndiko utakakomjua. Wifi anatia chumvi mpaka kwenye salamu. Mtume dukani, akikuta pamefungwa hatakwambia pamefungwa. Atakwambia mwenye duka amekaa kibarazani kashika tama, na paka wake kando naye kashika tama. Ndoa yangu ilipovunjika nikaja kuishi nao, na siku ya kwanza tu nikamwambia kwamba mdomo ule alipewa wa watu wawili. Akacheka, hakukataa.

Kaka ni fundi wa kuchomea vyuma. Presha ya macho ilimpofusha huku sote tukidhani ni uchovu wa cheche. Karakana hakuiacha. Mwenzake anachomea, yeye anapiga msasa mageti na fremu za madirisha, na muda wote anakosoa. Mtangazaji wa redio anasoma kama anakimbizwa, mwimbaji anaimba na mafua, mhubiri wa jirani anapaza sauti kwa sababu hana la kusema. Watu wanasema upofu humfanya mtu awe mpole. Hao hawajakaa na kaka yangu.

Kitu kimoja tu hakukikosoa, nacho ndicho kilichokuwa kibovu kuliko vyote. Kilikuwa kipindi cha televisheni kikiitwa Kikosi Sayari ya Tisa. Mimi mwenye macho nilikitazama, nikaona aibu kwa niaba ya waliokitengeneza. Chombo cha angani kilikuwa ukorido mmoja. Watu wa kikosi wakitoka chumba cha injini wanapita ukorido, wakienda kwa Daktari wanapita ukorido uleule, wakitua sayari nyingine wanawashiwa taa nyekundu, ukorido ni uleule. Bunduki za mwanga zilikuwa vikaushio vya nywele. Na pale mwandishi alipoishiwa maneno, kamera iliukodolea ukuta macho mpaka ukuta wenyewe ukachoka.

Katika mojawapo ya nyakati hizo za ukuta ndipo kaka alipouliza, "Mama watoto, mbona kimya? Kuna nini?"

Hakukuwa na kitu. Wifi akautazama ule ukuta, akamtazama mumewe, akasema, "Kuna mnyama anapita."

"Mnyama gani?"

"Mkubwa kama ndama. Ana manyoya ya kijivu. Anamfuata Kapteni nyuma nyuma, hatoi sauti."

Nilifungua mdomo nimuumbue. Nikamwona kaka kainamisha kichwa upande mmoja, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale, nikaufunga.

Basi mnyama akakaa. Wakampa jina, Kimya. Kila wiki alikuwa na jambo lake. Masikio yake yalijikunja pale mtu alipodanganya, kwa hiyo kaka aliwajua waongo wa chombo kile kabla ya Kapteni mwenyewe kuwajua. Wifi hakuishia hapo. Ukorido akautia ngazi ya kioo. Nje ya dirisha, ambako hakukuwa hata na dirisha, akaweka bahari inayopanda juu badala ya kushuka. Mimi nilikaa kwenye kiti changu nikisaga meno. Mtu anakaa mbele ya takataka anaisifia kama anaiuza! Lakini kaka alikuwa akirudi kutoka karakana mapema siku ya kipindi, ameshanawa, na mkono wake unautafuta wa mkewe kabla hata muziki haujaanza.

Kituo kikakifuta kipindi, mahali pake pakawekwa matangazo ya masufuria yasiyoshika ukoko. Niliwapongeza kimoyomoyo. Kapteni aliachwa amening'inia mlangoni mwa chombo, mpaka leo sijui kwa nini alifungua mlango.

Miaka ikapita. Kisha watu walewale wa kikosi, nywele zimepungua na vitambi vimeongezeka, wakatangaza kwamba kikosi kinarudi, safari hii kama mchezo wa kusikiliza redioni. Walisema ni kwa ajili ya sanaa. Ni kwa ajili ya kukosa hela ya kununua hata ukorido, lakini hilo hawakulisema.

Kaka alifurahi kama mtoto. "Mama watoto, sasa pumzika," akamwambia mkewe. "Umenihangaikia vya kutosha. Hawa wameniwekea cha masikio, nitajisikilizia mwenyewe."

Alisema kwa wema kabisa. Wifi akaitikia vizuri, akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilimwona akisuuza kikombe kimoja mpaka nikamwonea huruma, na mimi kumwonea wifi huruma si jambo la kila siku.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kusikitisha. Kwa kuwa hakuna anayeona, kila mtu alitangaza anachofanya. "Oo, Daktari! Naona umeshika bunduki ya mwanga kwa mkono wako wa kushoto!"

"Kwani Daktari hajui ameshika nini?" kaka akauliza.

Wiki ya pili akauliza swali lingine. "Kimya yuko wapi?"

"Labda bado hajaingia," wifi akajibu kutoka jikoni.

Wiki iliyofuata ikawa balaa. Kikosini kuna msaliti, hajulikani nani, wanashukiana, wanafungiana vyumbani, Kapteni analia. Kaka alipiga meza. "Wana mnyama mwenye masikio! Wamlete asimame mbele yao, kazi iishe! Hawa wamemtoa Kimya kwa sababu haongei. Wajinga hawa wanadhani asiyeongea hayupo!"

Kisha wakatangaza mkutano wa wasikilizaji katika ukumbi wa maktaba, watu waje waulize maswali. Kaka akasema ataenda.

Wifi alinivuta uani, kwenye kamba ya nguo. "Wifi yangu, mzuie."

"Nimzuie kwa lipi? Nimwambie mnyama ana mafua?"

"Usinitanie leo." Akaishika kamba kwa mikono miwili. "Kila anachokiona kimepitia kinywani mwangu. Sura za watoto, watu wa barabarani, nyumba hii. Akinikamata kwa hili, ataniamini nini tena? Atakuwa amepofuka mara ya pili, na safari hii mimi ndiye niliyempofusha."

Nilitaka kumwambia angefikiria hilo kabla ya kutia ndama angani. Nikamwambia nitajaribu. Lakini kaka akishaamua, hata mama yetu mzazi alikuwa hamwezi, na wa kumshika mkono kwenda huko nikawa mimi.

Ukumbi ulijaa watu wazima wenye watoto na kazi zao, wamevaa fulana walizozibandikia karatasi ya kufunikia vyakula, ile ya kung'aa. Mbele ameketi Mwongozaji wa kipindi, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba, kando yake Kapteni, ambaye siku hizi anauza viwanja na alikuwa ameshagawa kadi zake kwa safu mbili za mbele. Wakaulizwa maswali ya kipuuzi, wakatoa majibu ya kipuuzi, wakapigiwa makofi.

Kaka akasimama. "Mimi nataka kujua mmempeleka wapi Kimya."

"Nani, mzee?"

"Mnyama wa Kapteni. Wa kijivu. Anayekunja masikio."

Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele. Jamaa mmoja wa fulana za kung'aa, aliyekuwa akijisifu kwamba anavijua vipindi vyote kwa moyo, akainuka. "Mzee, hakukuwa na mnyama. Vipindi vyote, hata mmoja."

"Tungeipata wapi bajeti ya mnyama?" Mwongozaji akadakia, wakacheka tena.

Nilimshika kaka kiwiko nimkalishe. Akautoa mkono wangu. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Na ile ngazi ya kioo?"

"Tulikuwa na ukorido tu, mzee wangu."

"Bahari inayopanda juu?"

"Bahari? Hatukuwa hata na dirisha."

Kaka hakuketi. Nilijua anapita kwenye kila wiki, kwenye kila kitu alichowahi kuambiwa. Nilikuwa nimekaa nyumba ile nikimwita mwanamke yule mwongo, na sasa nilikuwa naogopa kwamba mtu mwingine atamwita hivyo.

"Kumbe," kaka akasema mwisho, kwa sauti ile ya kumrudishia fundi geti lililopinda. "Sasa miaka yote ile, ninyi mlikuwa mnafanya nini humo ndani?"

Hakuna aliyecheka. Mwongozaji akavua miwani. Tulipokuwa tunatoka alitukimbilia mlangoni, akasema lile wazo la mnyama si baya, je, mzee angewaruhusu walitumie?

"Si langu," kaka akamjibu, akaniambia twende.

Tukashika njia ya nyumbani. Nilijaribu kumtetea wifi, mimi, kwa mdomo wangu huu. Nikaanza, "Kaka, unajua yule mwanamke..." Akanibana vidole, nikanyamaza.

Wifi alikuwa sebuleni na rundo la nguo. Alipotuona aliiweka pasi pembeni, akasimama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Kaka akapapasa mpaka kwenye kiti chake, akaketi.

"Mama watoto. Mimi nina mvi?"

Wifi akanitazama. Nikatazama chini.

"Unazo," akasema. "Kichwa kizima. Siku zote nilikwambia bado."

"Na hili shati uliloniambia la bluu?"

"La bluu lilichanika. Hilo la kahawia. Ulikuwa unalipenda sana lile."

Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Kaka akajipitisha mkono kichwani, taratibu, mbele mpaka kisogoni, kana kwamba mvi zinashikika. Redio ilikuwa inaanza kupiga muziki wa kikosi. Akanyoosha mkono akaizima.

"Mvi utaniambia kweli," akasema. "Kuanzia leo. Mvi, na nguo, na watu wanaonijia. Umesikia?"

"Nimesikia, mume wangu."

"Haya, kaa hapa. Walipokuwa wanamtafuta yule msaliti, Kimya alikuwa wapi?"

Wifi akaketi. Akakohoa, akaanza. Nguo zilikuwa zimejaa kwenye kochi na hapakuwa na pa kukaa, basi nikasikiliza nikiwa nimesimama, mpaka mwisho.